Madonge ya Mchumba Wako

Mdogo wangu wa moyoni,

Pokea salamu zangu, tele kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Natumaini kile kikohozi ulichonitajia kwenye simu kimekuachia na kwamba kazi haijakukondesha. Sisi huku ni wazima. Mama anakula na analala vizuri, ila magoti ndiyo yanagombana na ngazi. Cherehani yangu imepata mkanda mpya, na sare za shule zimejaa mpaka kitandani, nalala pembeni kama mgeni. Hayo ndiyo mema. Sasa tafuta mahali ukae, maana yanayofuata yananitia kinyaa, na kinyaa mimi nikikimeza hakikai.

Uliniomba mchumba wako akija kutusalimia nimtazame vizuri, kisha nikuandikie bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Haya, nimemtazama.

Alifika Ijumaa na kibegi cha nguo na chupa kubwa ya mdomo mpana, ameivingirishia taulo na kuipakata kama mtoto mwenye homa. Hata kiti hajakaribishwa, akaulizia mahali penye joto pa kuweka chachu yake. Akatueleza kwamba ni unga na maji tu vilivyoachwa vikachachuka, kwamba ameitunza miaka, na kwamba kila asubuhi lazima uilishe unga mpya, lakini kwanza utoe nusu ya ile ya zamani. Mama, heshima zake unazijua, akaondoa vikombe vyake kwenye rafu ya karibu na jiko ili chupa ikae. Bwana akafungua kifuniko. Loo! Harufu ya soksi zilizolala ndani ya buti la mvua, na mapovu yanapasuka yenyewe juu kwa juu. Akachovya kidole, akakilamba, akafumba macho kwa raha, kisha akachovya kidole kilekile tena. Mama akanitazama mimi, mimi nikatazama dari.

Kesho yake akatangaza kwamba asipike mtu, yeye atatutengenezea madonge ya unga mchachu ya kutia kwenye supu. Supu ya mama ilikuwa jikoni tangu asubuhi, mifupa imeshaachia uboho wake, nyumba nzima inanukia. Akaionja kwa upawa, akasema imepooza kidogo, akaurudisha upawa sufuriani na mate yake. Aka! Nikajiambia nyamaza, huyu ni shemeji yako mtarajiwa. Akachanganya chachu na unga, yai na chumvi, akakoroga kwa nguvu huku jasho linamtoka, na tone moja nililiona kwa macho yangu haya likitoka puani mwake hadi bakulini. Akawa anachota kwa kijiko kilicholowa, anadondosha kwenye supu inayochemka, kisha akafunika na kutukataza kufunua. Alisema yakielea juu yameiva. Wahenga walisema ukiona vyaelea vimeundwa, lakini haya yalikwenda chini na hukohuko yakabaki, sasa sijui wahenga wangesemaje.

Nje yanateleza kama sabuni iliyosahauliwa kwenye maji, ndani unga mbichi, na uchachu wake unakukunja uso mzima. Yeye alikula huku anajisifu. Mama alimeza moja baada ya jingine, akashukuru, akasema mwanangu una mkono mzuri. Mimi yangu niliyatia kwenye leso na kumpelekea paka wa jirani. Paka akanusa, akaondoka zake.

Lakini usinione mchoyo wa roho. Watu wangapi hawajui kupika na ndoa zao zimesimama, watoto wamenenepa? Kwa madonge peke yake nisingemaliza wino.

Jumatatu nilirudi kula chakula cha mchana nikakuta jikoni kumefurika maji. Fundi bomba amepiga magoti chini ya sinki, bomba limefunguliwa, na ndani ya ndoo kuna bonge la kijivujivu linalonuka kuliko yote niliyokusimulia. Fundi akasema mtu amemwaga unga mbichi kwenye sinki, ukashika kwenye kona ya bomba kama saruji. Mchumba wako alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Akamweleza fundi, kwa sauti ya huruma kabisa, kwamba ile nusu ya chachu alimwachia mama kwenye bakuli jekundu na kumwomba aitupe jalalani, ila bila shaka mama amesahau akaimwaga hapo. Mama alikuwa ameshika tambara, maji yamemlowesha mpaka magotini. Akasema labda ni kweli, siku hizi hata yeye mwenyewe hajiamini. Akamwomba radhi fundi. Akamwomba radhi na huyo mchumba wako.

Wewe unajua maana ya neno hilo, kusahau, ndani ya nyumba yetu. Bibi alimaliza siku zake akimwuliza mama yetu ni mtoto wa nani. Tangu mama alipounguza sufuria mwaka jana, kila asubuhi akifagia nasikia anajihesabia siku za kuzaliwa za wajukuu, anajipima. Mchana ule alivua aproni yake, akaniwekea kiberiti mkononi, akaniambia nisimwache tena karibu na jiko, asije akatuunguza wote. Akaenda kulala, uso ukutani.

Sasa nikwambie. Asubuhi ileile, kabla sijapeleka sare shuleni, nilikuwa uani naanika nguo, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Aliyemwaga ni yeye. Nilimwona amekunja mikono ya shati, anakwangua lile bakuli jekundu kwa kijiko, bomba la maji limefunguliwa. Sikujali, nikajua mwenye chachu anajua mambo ya chachu.

Nikamwita uani nikamwambia nimekuona. Nilitegemea aone haya. Alitabasamu, mdogo wangu. Akaniita dada, akanisihi tusikuze jambo, kwa kuwa mama mwenyewe ameshakubali, na kwa vyovyote kesho atakuwa ameshasahau.

Mate ya kwenye upawa niliyavumilia. Hili sikulimeza, nikatema mate chini palepale, nikamwambia afungashe. Jioni hakuwepo.

Nikaenda kumwambia mama. Alinifanya nirudie: bakuli gani, mikono imekunjwa vipi, maji yalikuwa yanatoka au hayatoki. Kisha akaketi kitandani, akasema polepole kwamba basi hakusahau. Akacheka, akalia, akaomba kiberiti chake. Nikadhani yamekwisha. Kumbe usiku akanijia na ombi, akanishika mkono nisikuandikie. Anasema umri wako unakwenda na mtu umempata, na uzee haudhuriwi na kusingiziwa. Ukiuliza, nikwambie ni yeye aliyesahau. Yaani mama yetu yuko radhi tumwone amepotewa na akili, ili wewe uolewe na huyo! Nimekataa, na nimechukia mno.

Sikuchagulii. Uliomba macho yangu, nimekupa.

Jambo la mwisho. Kwa haraka zake bwana aliiacha chupa yake kwenye rafu. Kila siku ananipigia simu kuuliza kama imelishwa. Inalishwa. Mama ndiye anayeilisha, kila asubuhi kabla sijaamka, anatoa nusu na kuifungia kwenye gazeti, anatia unga mpya, anafuta mdomo wa chupa. Hajakumbushwa na mtu, na hajasahau hata mara moja.

Jirani anakusalimu, na fundi bomba pia, aliuliza kama ndiwe uliyekuwa ukimwibia mapera. Mama anapita mlangoni sasa hivi anauliza naandika nini, nimemjibu ni salamu tu, naye anasema zake uzipokee kwa mikono miwili na ule ushibe. Jitunze, na ujibu upesi, maana jiko zima linanuka. Ukisema chupa tuitunze, tutaitunza. Ukisema tuitupe, nitaitupa mimi mwenyewe, tena jalalani.

Ni mimi, dada yako akupendaye.