Chuma Kilichosahau Sumaku

Mpendwa Baba Achieng,

Naanza na lile bamba, maana salamu sijui nizielekeze upande gani.

Unakumbuka ulivyolileta? Tajiri wa gereji alitaka chuma cha kusubu, nanyi mkatia pistoni kuukuu za alumini kwenye chungu kimoja na chuma chakavu, eti zote zimetoka kwenye injini, zitaelewana. Kikatoka kitu cha kijivu, kifupi kama kiatu cha mtoto. Mkakigusa kwa sumaku ya lori bovu, ikateleza. Tajiri akasema mmemuulia chuma chake. Wewe ukakibeba nyumbani kama mtu aliyeokota yatima, tukawa tunakitumia kuzuilia mlango, upepo wa ziwani usitutilie vumbi la magadi kwenye ugali.

Jumapili moja ukaligonga kwa nyundo ukingo wa kushoto, polepole, maana huvunjika kama sahani. Ukanipa sumaku. Pale ulipogonga ilishika. Pengine pote, hapana.

"Ukilipiga, linakumbuka kuwa ni chuma," ulisema.

"Kama mtoto wa shule ya misheni," nikajibu.

Jioni ukalifukia kwenye makaa hadi likawa jekundu, ukaliacha lipoe majivuni. Asubuhi sumaku ikateleza tena. Wewe ulicheka. Mimi sikupenda kulala chumba kimoja na kitu kinachosahau kipigo kwa raha namna ile. Lakini ulipokuwa kazini nililijaribu tena na tena, kupiga na kuchoma. Wanawake wa landi, hizi nyumba zetu za wafanyakazi, walidhani napika.

Kisha ukaenda Molo kutengeneza lori la viazi. Lori walilikuta ndani ya ukungu, milango wazi, magunia kamili, koti lako limekunjwa juu ya kiti. Wewe tu ndiye hukuwepo. Askari alisema siku hizi watu hupotea, kama mtu anayesema siku hizi mvua hunyesha.

Juzi akaja kaka yako Owino. Alikunywa chai, akaomba blanketi lako. Nyumbani wameshachuma yago, lile tunda refu zito linalozikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Watalifunga ndani ya blanketi lako, walishushe kaburini. Hapo nitakuwa mjane, na mjane hurithiwa, na mrithi ndiye aliyekuwa anamalizia chapati zangu.

"Shemeji," nikamwambia, "tumuulize mwenyewe kwanza."

Nikalichoma bamba mbele yake, likapoa majivuni. Akajaribu sumaku pande zote, ikateleza.

"Mwenye kuliamsha ni mmoja tu," nikasema. "Likibaki hivi hadi kesho, chukua blanketi, nami nitafunga mzigo. Sumaku ikishika, yuko hai, yago lenu mlitupe porini."

"Nyinyi wanawake wa mjini mna maneno," akasema. Lakini aliogopa kukataa.

Kesho yake alipokwenda sokoni nikafunga mlango, nikachukua nyundo yako, nikagonga ukingo wa kulia. Wa kushoto una ufa tangu enzi zako, nikahofia utakatika. Nikafunika kwa kitambaa, alama isionekane, nikateleka chai.

Owino aliporudi nikampa sumaku. "Jaribu mwenyewe," nikasema, nikamgeuzia upande wangu, ule wa kulia.

Unamjua kaka yako. Ukimwelekeza mlango, atapita dirishani. Akauruka upande wangu, akapeleka mkono kushoto. Nikajua nimekwisha.

Sumaku ikamponyoka. Ikashika, tik, na alipoivuta, bamba likajongea mezani.

Chai ikafurika motoni.

"Mama Achieng, umeligonga wewe."

"Nimegonga upande ule mwingine," nikamwambia. Nikafunua kitambaa, akaona.

Aliirudisha sumaku mezani kama mtu anayerudisha kijiko alichoiba. Akasema chai imemtosha, na chai hakuwa ameonja. Blanketi halikutajwa tena. Liko kitandani, upande wako.

Nilitaka kumdanganya Owino tu, Baba Achieng. Sikumwita mtu. Sasa bamba sithubutu kulichoma tena, nisije nikalisahaulisha. Mlango tunauzuilia kwa jiwe.

Kama ni wewe, njoo ugonge mlango, wenyewe ni wa mbao, unavumilia. Bamba liache. Leo asubuhi nimelitazama, na ule ufa wa kushoto umefika katikati.

Bado mkeo,
Mama Achieng