Rezista Mbili za Taa ya Mwambani

Ndugu Iosua, unaijua sheria yetu: anayeigusa taa ya mwambani hubeba dhamana ya kila chombo kilicho baharini.

Leo jioni fundi wetu Muliaga ameitengeneza. Ilihitaji rezista, kile kidude cha kupunguza umeme, ya ohm mia mbili, naye alikuwa na mbili za mia mia. Masina, yule mwalimu mstaafu, akamwambia, "Zifunge kwa mfululizo, moja baada ya nyingine, mwanangu. Ukizifunga sambamba utabakiwa na hamsini tu, na taa itaungua."

Akacheka. "Mama, chaki uliiacha zamani. Mitumbwi miwili ikifungwa ubavu kwa ubavu ndiyo huhimili mawimbi."

Sambamba, Iosua. Akazifunga sambamba.

Taa ikawaka kwa mwanga mkali kupita kiasi, watu wakamsifu. Kisha ikazimika. Mwana wa Masina alikuwa bado nje na mashua yake. Tulisikia mbao zikipasuka mwambani.

Kijana ameokolewa, lakini mguu umevunjika.

Muliaga akaenda kupiga magoti mlangoni pa Masina, amejifunika mkeka kama desturi itakavyo, akingoja msamaha au kipigo. Masina akatoka na panga. Akasimama mbele yake. Ndipo akaliweka panga chini, akaufunua mkeka.

"Inuka, mwanangu," akasema. "Kwa kuja mwenyewe chini ya mkeka, umekwisha kulipa."