Ukurasa wa Siku Saba

Jumatatu, 3 Machi
Chai, mkate wa jana, mtandao dhaifu. Kama kawaida. Ukurasa wangu wa ratiba ya treni, niliowatengenezea watu wa parokia yetu, unafunguka kwa kujikokota. Nimeamuru vivinjari vya simu viutunze siku saba bila kuuliza seva, huko unakotoka, kama kuna mapya. Sasa unafunguka papo hapo. Kichwa kimenivimba. Nimemwambia Papa Ilunga, mstaafu wa reli, aache kuandika ratiba kwa chaki kwenye ubao wa stesheni. Amenitazama tu, akapangusa mikono.

Jumanne, 4 Machi
Treni ya Kaniama imesogezwa. Si Ijumaa tena, ni kesho. Nimebadilisha ukurasa. Simu yangu inaonyesha Jumatano. Kazi imekwisha.

Jumatano, 5 Machi
Treni imeondoka nusu tupu. Sokoni mtu amenionyesha simu yake: Ijumaa. Ndipo nimeelewa. Simu zilizofungua ukurasa jana asubuhi au juzi zimeshikilia ule wa zamani. Haziulizi, maana mimi ndiye niliyezikataza kuuliza. Lolote nibadilishalo huku hazilisikii. Yangu nilikuwa nimeizuia kutunza chochote, kwa ajili ya kazi, ndiyo maana ilinidanganya. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Alhamisi, 6 Machi
Kutwa nimezunguka mitaani, simu kwa simu, nikifuta akiba ya ukurasa wa zamani. Wananicheka. Wacha wacheke.
Tantine Véro, jirani ninayemwita shangazi, aliyeshiriki kunilea, amefiwa na kaka yake huko Kaniama. Mazishi Jumamosi. Nimemwona uani anakunja vitenge, simu shingoni. Anangoja treni ya kesho, ambayo haipo. Kwa pikipiki leo angewahi.
Nimepita. Niliona haya. Nilijiambia nitarudi jioni. Sikurudi.

Ijumaa, 7 Machi
Mvua. Tantine stesheni, amekaa juu ya mzigo wake tangu alfajiri. Nimemwambia yote, hata la jana.
"Weye ulijua tangu jana, na ulinyamaza?"
Nimemtafutia pikipiki. Matope kila mahali. Ninajichukia.

Jumapili, 9 Machi
Amepiga simu. Pikipiki ilikwama njiani. Amefika kaburi limeshafukiwa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
Nimegeuza amri. Picha na rangi zitunzwe, lakini ratiba, simu iulize seva kwanza, kila mara. Ukurasa umekuwa mzito. Na uwe mzito. Nimekwenda kwa Papa Ilunga kumwomba arudi kwenye ubao. Chaki alikuwa nayo mfukoni.

Jumamosi, 15 Machi
Tantine amerudi. Anataka kujua treni ya kumpeleka tena Kaniama, kuondoa matanga. Nimemwonyesha kwenye simu yangu. Ameitazama taratibu.
"Iko muzuri, mutoto yangu."
Kisha amevuka reli, akaenda kusoma ubao.