Maneno niliyosema kwenye matanga yako

Mpendwa yaya, dada yangu mkubwa,

Mudogo wako, niliyeacha shule kabla ya diplome nikauza simu mpaka Kampala na Dubai, nimekuwa profesa. Ucheke tu. Ulizoea kuniambia: "Weye, ungekula sawa vile unaongea, ungekuwa munene!"

Unakumbuka binti yako Ansima alivyokaa kwenye kitanda chako akitueleza kazi yake ya chuo? Alisema ndani ya kansa kuna seli chache zinazozaa nyingine. Dawa ikiua nyingi, hizo zinaweza kubaki na kuanza upya. Zinatuma vifurushi vidogo sana, jina lake eksosomu. Seli zisizo na ugonjwa zilizo karibu zinavipokea, zinabadilika, zinaanza kuulisha uvimbe na kuuficha askari wa mwili wasiuone. Ndiyo maana siku hizi watafiti wanachunguza mtaa wote unaozunguka uvimbe, wapate kuvizuia vile vifurushi njiani.

Uliuliza: "Na hiyo dawa ya kuvizuia, iko?"

"Bado, maman. Wanaitafuta."

"Basi mutafute mbio."

Sisi watatu tulicheka. Mimi nikatoka haraka kwenda uani, nikajifanya napiga simu.

Unajua desturi yetu: kwenye matanga mtu wa familia anasimama kueleza ugonjwa tangu mwanzo, watu wasitafute mchawi. Nilijipa kazi hiyo, na koti la Dubai juu. Nilipofika kwenye eksosomu, niliona macho ya watu yamepotea, nikatafuta mfano. Nikamuonyesha jirani yako.

"Mumuone Maman Faida! Kila jioni alimuletea yaya sahani yenye kufunikwa. Nani angemukatalia? Mulango unafunguka. Kansa nayo inaingia vile vile!"

Watu wote wakamgeukia Maman Faida. Nilidhani ni elimu imewashika. Ansima akanivuta koti, mimi mjomba wake: "Tonton, siyo vile nilikuambiaka."

Tangu siku hiyo hakuna anayekula chakula cha Maman Faida. Akina mama wa shirika letu la sala mtaani wanampokonya watoto wao mikononi. Yaya, yeye ndiye alikuosha kidonda wakati mimi, mwanaume wa Dubai, nilikuwa uani na simu isiyo na mtu.

Nilienda kwake. Alikuwa anachambua maharagwe, hakunipa kiti.

"Ulinichafua mbele ya batu. Usiniombe musamaha ku jikoni."

Basi Alhamisi iliyopita, shirika lilipokutana, nilisimama. "Maman Faida hana kosa. Kansa haipite ku chakula cha jirani. Miye niliongea kitu sikijui."

Walicheka, yaya. Tante, shangazi yetu, alipiga makofi: "Huyu naye! Hata kusema hajui, anaifanya komedi!" Nikaapa, wakacheka zaidi. Maman Faida akachukua kitenge chake, akatoka bila kumuaga mtu.

Sijawahi kuona haya namna hii. Maisha yangu yote nimewazoesha watu kwamba nikifungua mdomo ni mchezo, na sasa nimepata neno moja la kweli, hakuna wa kulipokea.

Alhamisi hii ataongea Ansima. Mimi nitakaa kando ya Maman Faida, kama atanikubalia, na sitasema kitu. Nimemuambia binti yako: wakikuuliza nani aliyedanganya kwenye matanga ya mama yako, usinionee huruma, unionyeshe kwa kidole. Nitasimama wanione vizuri.

Pumzika, yaya, maumivu yamekuacha.

Mudogo wako, yule wa mdomo