Sanduku la Kufuli Tatu

Gakoromone, Meru
Tarehe 11 Juni

Mdogo wangu Tabby,

Nakusalimu kutoka huku Meru, ambako baridi ya mwezi huu inatufanya tuuze tukiwa tumejifunga leso mbili mbili. Mwili wangu ni mzima. Natumaini wewe na shemeji Kinyua mnaendelea vyema, na kwamba Lennox amepona kile kikohozi cha Pasaka. Gatwiri naye nasikia amejua kusoma saa. Mwambie mama yake mkubwa amefurahi.

Najua utashtuka kupata barua ya karatasi kutoka kwangu, mimi ambaye hata risiti naandika nikilalamika. Kwa simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, na ujumbe wa simu watoto wako wanausoma kabla yako. Kwa hivyo nimempa Virginia, yule tunayepakana naye sokoni, maana kesho anapeleka ndizi Embu. Nakuomba uisome hadi mwisho kabla ya Jumamosi. Ukishamaliza unaweza kunipigia unitukane.

Mama niliongea naye jana. Kidonda kimekauka na anatembea na mkongojo hadi kwenye lango. Anasema kiatu cha kulia kinamtoka kwa sababu ya vile vidole viwili vilivyokatwa, kwa hivyo amekijaza kitambaa. Alicheka akisema sasa atakata kucha haraka kuliko sisi. Mimi sikuweza kucheka.

Wewe unanijua. Tangu Baba afariki, nyumba ile imesimama juu ya mabega yangu. Niliacha shule darasa la nane nikaanza na madebe mawili ya ndengu juu ya gunia kando ya barabara. Leo nina stoo inayoingia magunia arobaini. Karo yako nililipa mihula sita, ya ndugu yetu Mugendi mihula minne. Mabati ya jikoni ya Mama ni yangu, tangi la maji ni langu. Sikuhesabu ili nilipwe, lakini nahesabu. Na kila nikihesabu naona mimi ndiye mtoaji na nyinyi ndio wapokeaji. Moyo wangu umekaa hivyo miaka mingi, Tabby, na ni vizuri ujue, kwa sababu ndiko mambo haya yalikoanzia.

Unakumbuka Krismasi ya mwaka juzi tulipokaa na kupanga nyumba ya Mama isije ikapatwa na shida mikono mitupu. Mimi ndiye niliyetoa wazo hilo. Tulinunua mitungi sita ya maji ya kunywa, taa ya sola, viberiti tukavifunga kwenye karatasi ya nailoni, tukaweka magunia mawili ya mahindi na debe moja la ndengu. Kisha nikasema kuna kitu kimoja tunachosahau sisi watu wa siku hizi, nacho ni pesa za kushikwa mkononi. Pesa zetu zote zimo ndani ya simu, na simu ikizima huwezi hata kununua chumvi. Tukachanga elfu thelathini. Mimi nilitoa kumi na nane, wewe saba, Mugendi tano. Niliwakataza noti za elfu, kwa sababu siku ya shida hakuna mwenye chenji.

Ndipo nikaleta habari ya kufuli tatu, kama sanduku la chama chetu cha akina mama, ambapo kila mweka ufunguo ana kufuli yake na sanduku halifunguki mpaka wote watatu wawepo. Mugendi aliuliza siku ya shida hao watu watatu watapatikana wapi, mmoja akiwa Embu, mwingine Timau kwenye shamba la maua, mwingine Meru. Nilimjibu kwamba mtu anayeuliza hivyo ndiye anayetaka sanduku lisilo na kufuli. Wewe ulicheka. Yeye akachukua ufunguo wake. Fundi Kivuti akatuchongea lile sanduku la mbao, tukaliweka chini ya kitanda cha Mama. Kila kufuli ilikuja na funguo tatu, kwa hivyo zile sita zilizobaki nikasema naenda kuzitupa chooni, na nyote mlisikia zikilia zikigonga ukuta wa shimo.

Sasa twende kwa ile wiki ya mafuriko. Ulikuwa Embu na hukuweza kuvuka, na mambo yote uliyasikia kutoka mdomoni mwangu. Leo nakusimulia kama yalivyokuwa.

Mugendi alikuwa nyumbani kwa likizo. Jumatatu usiku mto ulichukua daraja, na asubuhi mtandao ukapotea kabisa. Huku Meru nilipiga simu mpaka kidole kikauma. Mama alikuwa amejikwaa wiki iliyotangulia, na kwa vile ana sukari, kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Jumanne mguu ukavimba hadi gotini na akaanza kuongea na Baba kana kwamba yumo chumbani. Njia iliyobaki ilikuwa ile ya juu, ya kuzunguka vilima. Mwenye pikapu alitaka elfu saba, taslimu, akasema haulizi mtu yuko na nini kwa simu. Kliniki ya ng'ambo ile nayo ilitaka elfu kumi kabla ya kumpokea. Mugendi alikuwa na elfu kumi na moja kwenye simu yake, na zilikuwa kama picha ya chakula. Alizunguka kwa majirani tangu asubuhi hadi jioni, na kila mtu alimwonyesha simu yake. Aliyekuwa na pesa za karatasi kijiji kizima ni Muriithi, yule dalali wa ng'ombe, kwa sababu alikuwa anajiandaa kwenda mnadani. Jumatano alfajiri Mugendi akamuuzia yule mtamba wa Mama, yule tuliyekubaliana angekuwa wa ruracio, mahari ya kupelekwa kwa kina Ruguru, mchumba wa Mugendi. Mtamba wa elfu sitini, kwa elfu ishirini na nane.

Daktari alisema mguu umepona, ila vidole viwili vilikuwa vimeoza. Labda angeletwa siku moja mapema vingepona pia. Alisema labda, na hilo neno nimelala nalo kila siku.

Mimi nilifika Ijumaa, maji yalipopungua. Kabla hata sijaenda kliniki nilipita nyumbani, nikaona zizi tupu, nikamkuta Mugendi uani akifua shuka za Mama. Majirani walikuwepo, Baba Mdogo Nthiga alikuwepo, na ndio walionisimulia habari za vidole na za bei. Nilimuuliza mbele yao wote ni akili gani hiyo ya kuuza mtamba nusu bei ilhali elfu thelathini zimelala chini ya kitanda. Nilimuuliza kama nyumba ile haina shoka. Nilimwambia amemkata mama yake vidole kwa sababu ya kuogopa kufuli ya shilingi mia tatu. Mbaka, yule jirani asiyekosa neno, akasema hajawahi kuona mwanamume anayeogopa kufuli kuliko kilio, na watu wakacheka. Nilisema pia, na hili nililisema taratibu ili lisikike, kwamba pengine Muriithi alilipa zaidi ya ishirini na nane.

Mugendi alikamua shuka. Akanitazama, akasema, "Sanduku ni la sisi watatu, dada. Singelifungua peke yangu." Kisha akaanika. Jioni hiyo alienda kukesha na Mama, na Jumapili akarudi Timau. Tangu siku hiyo hajanipigia.

Nilifanya nini baada ya hapo? Nilikupigia wewe. Nilimpigia Baba Mdogo. Nilisema kijana huyu hawezi kuachiwa mali, na kwamba kile kipande cha shamba kando ya barabara kiandikwe majina yetu mimi na wewe mpaka atakapokuwa mtu mzima, na ana miaka thelathini na mmoja. Wewe ulikubali kwa sababu uliniamini. Baba Mdogo ameita kikao Jumamosi hii, na karatasi za kutia sahihi ziko tayari. Nasikia kina Ruguru nao wameambiwa, na baba yake amesema hampi binti mtu aliyemwibia mamake mgonjwa. Hayo maneno ya wizi ni yangu, Tabby. Yametoka kwangu, yakatembea hadi kwao.

Sasa nifike kwa lile lililonifanya nitafute karatasi.

Kilichoingia chooni Krismasi ile ni misumari. Funguo sita nilibaki nazo. Sikuwa na nia mbaya siku hiyo, nilisema tu moyoni kwamba mimi ndiye niliyetoa nyingi, na mwenye kutoa nyingi hawezi kufungiwa nje. Lakini mwaka huu mwezi wa pili ndengu zilianguka hadi shilingi sabini kilo, na stoo yangu ilikuwa na nafasi na mkono wangu haukuwa na kitu. Nilienda kumsalimia Mama siku ya Jumapili, akaenda kanisani, mimi nikabaki nikisema kichwa kinaniuma. Nilifungua kufuli zote tatu nikachukua elfu thelathini. Nilijiambia ni wiki tatu. Niliuza mwezi uliofuata kwa tisini na sita, nikapata faida ya elfu kumi na moja na mia moja, na bado sikurudisha. Nikasema acha izunguke mara moja tena, kwani mvua ni ya kila mwaka na hakuna kilichowahi kutokea.

Siku ile nikipiga kelele uani, nilijua sanduku ni tupu. Nilipiga kelele ili mtu asije akasema hebu tulifungue tuone. Sina namna nzuri ya kuliandika hili, na nimejaribu mara nne.

Wiki mbili baadaye nilirudi na elfu thelathini kwenye mkoba, noti ndogo ndogo, zimepangwa kama zile za kwanza. Nilitaka kuzirudisha kimya kimya na mambo yaishe. Mama alikuwa bado kliniki. Nilivuta sanduku nikafungua kufuli zangu tatu. Ndani kulikuwa na mfuko wa nailoni. Nilidhani ni karatasi tu, kumbe ni pesa: elfu tisa na mia tatu. Pamoja nazo kulikuwa na risiti ya kliniki ya elfu kumi, ya dawa elfu moja na mia saba, na kijikaratasi cha mwenye pikapu, elfu saba. Unajua mimi na hesabu. Nilijumlisha nikiwa nimepiga magoti pale pale. Elfu ishirini na nane, bila kupungua hata shilingi.

Nikageuza sanduku. Bawaba za nyuma zilikuwa zimekwaruzwa kwa kisu, na skrubu moja ilikuwa imepotea, mahali pake pamepigwa msumari.

Mugendi alilifungua, Tabby. Jumanne ile ile, kabla ya kuzunguka kwa majirani, alilifungua kwa nyuma na kukuta mbao tupu. Kufuli zote tatu zilikuwa nzima, na aliyeondoka na zile funguo sita Krismasi ile ni mimi. Kumbe kijana aliyesimama uani akifua shuka alikuwa anajua kila kitu, na alijua nami najua. Angeweza kuniumbua kwa neno moja mbele ya Baba Mdogo na Mbaka na kijiji kizima. Badala yake alirudisha bawaba, akauza ng'ombe wa harusi yake, na chenji akaiweka mahali ambapo ni mimi peke yangu ningeikuta. Sijui kama alifanya hivyo kwa huruma au kwa hasira. Nimejiuliza mwezi mzima na bado sijui. Siku nyingine naona kama alinihurumia, siku nyingine naona kama alinipiga kofi na kuniachia mkono wake shavuni.

Na mwezi huo mzima nimekaa na jambo hili, nikiuza ndengu, nikiacha kikao kipangwe. Hata hilo nalikiri.

Sasa sikiliza, maana mimi bado ni mtu wa kufanya kitu. Elfu thelathini nimemkabidhi Mama jana kupitia mtoto wa Mbaka, na nimemwambia aziweke anapotaka yeye, asituonyeshe. Mtamba nimempata, wa elfu hamsini na nane, atafika nyumbani Ijumaa. Nilimtafuta yule wa Muriithi lakini ameshavuka kwenda Nairobi kuchinjwa. Ile elfu tisa na mia tatu nimeifunga kando, ni ya Mugendi. Hayo ninaweza kuyalipa. Vidole vya Mama sijui niviandike upande gani wa hesabu.

Ijumaa usiku nitamwambia Mama mwenyewe, kabla hajasikia kwa mwingine. Jumamosi nitasimama mbele ya Baba Mdogo na wale wote waliosikia nikimtukana, niseme niliyokuandikia hapa. Nimemwomba mzee Njagi, mshenga wetu, awalete kina Ruguru. Karatasi za shamba usitie sahihi, hata Baba Mdogo akikusukumia kalamu. Mugendi ametuma neno kwa Mama kwamba atakuja kwa sababu ameitwa. Anadhani anakuja kunyang'anywa.

Nakuomba kitu kimoja tu. Nikianza kuongea, watu watatazama huku na huku, na wewe una tabia ya kukaa karibu nami tangu tukiwa watoto. Safari hii usikae karibu nami. Kaa upande wa Mugendi, umshike mkono ukitaka, na nikilia usije.

Nisalimie sana Kinyua na watoto. Mungu awalinde hadi tuonane Jumamosi.

Ni mimi dada yako,
Phyllis