Subirini Majina Yaishe

Jumatatu, tarehe 2

Binti yangu,

Natumai wewe na mjukuu wangu, Bwana Mkubwa, mnaamka salama, na kwamba meno yake yamemaliza kutoka ili nawe upate kulala. Mimi sijambo, ila masikio. La kushoto limefunga duka kabisa, la kulia hufungua likijisikia. Kwa hiyo usijisumbue na simu. Niandikie, macho bado yananitii.

Ile filamu ya mzimu, sehemu ya pili, inaanza Ijumaa hapo ukumbini unapofanya kazi. Ya kwanza unaijua habari yake. Sauti zote nilizitengeneza mimi: mvua kwa mchele juu ya sinia, kuvunjika mifupa kwa karoti, na zile nyayo za mzimu zilizowatoa watu mbio, ambazo hazikuwa nyayo bali kiti cha kubembea cha marehemu mama yako, amekupakata anakunyonyesha. Filamu ilipotoka waliandikwa wote, hata mpika chai. Mimi hawakuniandika. Miaka ishirini na sita sasa.

Mwaka jana binti wa mwongozaji wa ile ya kwanza, ambaye ndiye anayeongoza hii ya pili, alikuja hapa kuniomba sauti ya kiti aitumie tena. Tulipiga soga mchana mzima. Nikamwambia sitaki kingine, niandike jina. Akasema, "Baba, nitaandika."

Nikija mwenyewe sitasikia kitu. Basi nitazamie watu: wanaruka au wanacheka? Na mwishoni, majina yakipanda, niambie langu limo au halimo. Usinifiche kwa kunihurumia.

Baba yako.


Jumamosi, tarehe 7

Baba, shikamoo.

Sisi wazima, ila usingizi ndio bidhaa adimu. Baba wa mtoto bado yuko safarini na lori, meno yamebaki mawili. Wewe unakula? Supu usiiache ikapoa ukijifanya unasoma gazeti.

Jana jirani anayenishikia mtoto alipata udhuru, nikamfunga Bwana Mkubwa mgongoni, nikawakatia watu tiketi mlangoni, kisha nikasimama ukutani nyuma. Ukumbi ulijaa hadi safu ya mbele, ile ya kuvunja shingo.

Ukweli ulioutaka ndio huu: nusu saa ya kwanza walicheka. Mzimu wa siku hizi umetengenezwa kwa kompyuta, una meno kama reki. Msichana mmoja akapaza sauti, "Jamani, mpelekeni kwa daktari wa meno!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Wazee wawili waliokuja kwa mapenzi ya ile ya zamani hawakuacha kunung'unika. "Yetu haikuwa na makelele hivi." "Yetu tulilala na taa wiki nzima." Kijana wa nyuma yao akawaambia, "Shikamooni wazee, tunaomba na sisi tuogope kidogo."

Kisha makelele yote yakakatika. Korido tupu. Kiti kikalia. Kwiii... kwaa. Baba, bisi zilisimama njiani kwenda mdomoni. Simu zikazimwa. Yule msichana wa meno akajifunika uso kwa mkoba wa mwenzake. Mzee mmoja akasema taratibu, "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo yenyewe," akamshika mwenziwe mkono. Watu mia mbili wameshika roho mikononi, na mimi nimesimama wima, usingizi umenibeba! Bwana Mkubwa naye, aliyekuwa akilia tangu matangazo, akakoroma mgongoni. Tulizinduliwa na mayowe.

Majina sikuyaona. Hapa kwetu hadithi ikiisha tu, fundi mitambo anazima, taa zinawaka, tunaingia na mifagio.

Binti yako.


Alhamisi, tarehe 12

Binti yangu,

Salamu kwa mtoto. Supu nimekunywa.

Nimeelewa. Lingekuwamo ungelitafuta hadi ulione, lakini umeona unipake sukari. Nashukuru kwa habari za watu, zimenichekesha. Hayo mengine tuyaache. Kiti nimekitoa uani. Jirani akikitaka kwa kuni, ruksa.

Baba yako.


Jumatatu, tarehe 16

Baba, shikamoo, na kabla hujaitikia: kirudishe kiti ndani. Mvua ikikinyeshea hatutasemezana.

Sikuandika kwamba jina halimo. Niliandika sikuliona. Juzi nikamwendea fundi mitambo, nikamuuliza kwa nini anakata majina. Akanitazama kama niliyechanganyikiwa. "Dada, si wewe uliyeniomba?"

Ni kweli. Mwaka jana, mtoto akiwa wa miezi mitatu, nilimwomba azime mapema ili nimalize kufagia nikamnyonyeshe. Akanihurumia, huruma ikawa desturi, na meneja akapanga maonyesho kwa kuifuata. Nilikuwa nimeshasahau. Mwaka mzima nimewafuta watu majina, baba, mimi, binti yako wewe. Makaa nimejipalia mwenyewe, na nitayatoa kwa mkono.

Nikaenda kwa meneja. Akasema, "Majina nani anayasoma? Mtu akishasimama, filamu imeisha."

"Baba yangu anayasoma."

"Hizo ni dakika saba. Zitatoka wapi?"

"Mgongoni kwangu," nikamjibu. "Acha majina yaishe, safu zote kumi na nane nitazifagia mwenyewe kwa muda utakaobaki, na zikinishinda niandikie barua ya kuniachisha kazi." Amekubali mara moja tu: Jumamosi hii tarehe 21, onyesho la saa tisa mchana.

Njoo. Sijui kama limo, na sitaki kujua kabla yako. Kama halimo, tutakuwa wawili. Tiketi yako ninayo, safu ya nne, kiti cha kando. Usinijibu. Panda basi.

Binti yako.


Jumapili, tarehe 22, asubuhi

Binti yangu,

Salamu za nini, na nyote mko mbele yangu? Wewe umelala kwenye kochi na viatu vyako, Bwana Mkubwa kifuani pako. Basi langu ni la saa mbili. Sikuamshi. Barua naiweka chini ya chupa ya chai.

Jana sikusikia kitu, kama nilivyosema. Nilikaa kiupande nikiwatazama watu. Walicheka, nikaona magego yao yote. Kisha bisi zikasimama, kama ulivyoandika, na bibi mmoja wa safu ya tatu akamkamata mumewe kola ya shati. Nikajua sasa kiti kinalia. Nikaanza kukihesabu kwa kidole pajani, kwiii, kwaa, mpaka nilipofika mwisho nao wote wakaruka. Sikukosea hata moja.

Hadithi ikaisha na taa hazikuwaka. Watu wakainuka, nawe ukawa mlangoni, ufagio umeukinga kama komeo. Nilikusoma mdomo: "Subirini majina yaishe." Yule bwana wa kofia nyekundu akabisha, ukamwambia jambo, akarudi kukaa kama mtoto wa shule. Ipo siku utaniambia ulimwambia nini.

Majina yakapanda mpaka macho yakaniuma. Ukaja ukasimama kando yangu. Dakika ya tano. Ya sita. Nikainamisha kichwa nikitazama viatu, ukanigusa bega, ukanyoosha ufagio. "Nyayo za mzimu." Mstari wa kwanza, jina la mama yako. Wa pili, langu.

Mwanangu, miaka ishirini na sita nimelilia jina langu, na la kwake sikulidai hata siku moja. Mimi nilishika kinasa sauti tu. Mguu uliobembeza ulikuwa wake. Na yule binti sikumwomba amwandike. Katika soga nilimtajia nani alikuwa ameketi, basi, kama mtu anavyotaja hali ya hewa. Yeye akasikia nilichokuwa nikisema. Mimi nilikuwa na masikio mawili mazima miaka yote hiyo na sikusikia.

Bibi wa kola alinipa leso. Alidhani nimeogopa.

Safu kumi na nane: kumi na mbili zako, sita zangu, na dakika mbili zikabaki. Meneja alitazama saa yake akaondoka. Kesho mfuate, umwambie majina yaishe kila onyesho. Wewe ndiwe uliyeyafunga, wewe uyafungue.

Kiti hakijawa kuni. Kinakuja kwa basi la Jumatano, ukipokee. Bwana Mkubwa bado amebakiza meno mawili kutoka, kitamfaa, na wewe kitakufaa zaidi. Majirani watakwambia kinapiga kelele. Usikitie mafuta.

Baba yako.