Mukwe Aliyenifundisha Akinipa Mgongo

Mukwe wangu mpendwa,

Usishtuke. Najua mama mukwe hamwandikii mukwe wake barua, tena ndefu, tena ya kusomwa na watu. Mama yangu angekuwa hai angenipiga kofi la mdomo. Lakini wewe hauko tena mahali pa kuona haya, na mimi nimezeeka, magoti yananiuma kila nikipanda kwenda kanisani, basi wacha niseme. Riziki, mtoto wako, mjukuu wangu anayeniita Koko, ameniuliza jambo nikakosa jibu. Jibu ulikuwa nalo wewe, na wewe huwezi kuulizwa.

Riziki yuko chuoni sasa, mwaka wa kwanza. Ukisikia anasoma nini utacheka: biolojia ya mwili wa mtu, somo lako lile lile. Anarudi nyumbani, mimi niko nasonga bugali, yeye anaanza kunitajia mifupa kwa Kifaransa. Juzi juzi alikuwa anasoma kwa sauti mambo ya moyo, nikamalizia sentensi yake bila kufikiri. Akaacha mdomo wazi.

"Koko, weye ulijifunzia wapi?"

"Kwa baba yako."

Hakuamini. Na kweli, nani amewahi kufundishwa na mukwe wake?

Unakumbuka tulivyoanza? Uhuru ulikuwa umekuja, wazungu wa hospitali wamefunga masanduku yao na kupanda meli bandarini Kalundu, na wagonjwa wamebaki wamelala vilevile. Ndipo wakafungua chuo kidogo cha wauguzi kwa wanawake wanaojua kusoma. Mimi nilikuwa mjane wa katekista, najua kusoma, na binti yangu wa pekee, Faida, ulikuwa umemuoa wewe mwaka uleule. Nyumba ilikuwa kimya mno. Nikajiandikisha. Hakuna hata mtu mmoja aliyeniambia kwamba mwalimu wa biolojia, yule aliyetoka kumaliza masomo yake Bukavu, ni wewe.

Siku ya kwanza uliingia na chaki mkononi, ukasema bonjour, ukazungusha macho darasani ukafika kwenye benchi langu. Mungu wangu! Nikavuta kitenge nikajifunika kichwa kizima. Wewe ukageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Wanawake walicheka mpaka Tereza, jirani yangu wa benchi, akadondoka chini.

Kwa wasomaji ambao hawakulelewa kama sisi, niseme kidogo. Wakati ule, kwetu, mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Watoto wa siku hizi wanadhani ilikuwa chuki. Ilikuwa heshima, na hatukuwa na kubwa kuliko hiyo.

Nilirudi nyumbani nimeapa kuacha masomo. Jioni Faida akaja, anajizuia kucheka.

"Mama, bwana yangu anasema usiache. Anasema yeye ndiye atakuwa anaangalia ubao."

Na ukafanya hivyo kweli. Mwaka mzima ulifundisha ukiangalia ubao. Benchi langu lilisogezwa nyuma kabisa, limeelekea mlangoni, nikikaa naona ziwa, nikigeuka kidogo naona mgongo wako. Ukitaka kuniuliza swali, ulimtuma Tereza, ambaye alikuwa ameketi karibu nami na sauti yako ameisikia kama mimi.

"Tereza, umuulize mama wa pale nyuma, moyo uko na vyumba ngapi?"

"Mama, mwalimu anauliza, moyo uko na vyumba ngapi?"

"Umuambie viko vine."

"Mwalimu, anasema viko vine. Lakini miye naona wa kwake iko na kimoja tu, na ndani mumejaa haya!"

Tereza yule! Ulicheka, niliona mabega yako yakitikisika. Mabega hayo nayajua. Najua shati jeupe alilokupigia Faida pasi, na jasho likishuka katikati ya mgongo ukifika mambo magumu. Siku ulipoleta mapafu ya mbuzi kutoka kwa mchinjaji, ukatia tete kwenye koo lake ukapuliza, wanawake waliruka juu ya mabenchi kwa kelele, "Angalieni! Inapumua!" Mimi niliona mgongo wako tu, unapanda na kushuka. Nilifurahi hata hivyo. Nilirudi nyumbani nikijishika mbavu njia nzima, nikishangaa kwamba kitu kile kiko ndani yangu.

Kuna somo moja sikulipata. Ulimtuma Faida mapema: "Kesho mama akae nyumbani, ni somo la uzazi." Nikakaa. Nilishinda nikimenya mihogo, na Tereza alipopita jioni akataka kunieleza nilimfukuza na kisu mkononi, tunacheka wote. Kuzalisha nilijua kama mwanamke yeyote anavyojua, maji ya moto na wembe na maombi. Nikaona inatosha.

Halafu vita vya waasi vikashuka.

Wewe ulijua kabla yetu. Ulisikia kwamba huko walikopita walitafuta watu wa vitabu, makarani, walimu, wauguzi. Mtu alikuwa anaulizwa diploma yake kama anaulizwa bunduki. Ukachimba nyuma ya jiko, ukatia moto vitabu, diploma, tai, na picha ya ndoa yenu, maana kwenye picha ulikuwa umevaa suti na viatu vya kung'aa. Faida alilia kwa ajili ya ile picha. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa nyumba, nasikia tu harufu, na nikasema moyoni, karatasi ni karatasi, tutapiga nyingine.

Tuliondoka sisi watatu. Kavimvira, penye mpaka, njia ilikuwa imefungwa, kwa hiyo tukapita mashambani kwenda Nyakabere kwa ndugu zako, ili watuvushe mto Ruzizi, tufike ng'ambo ya mpaka. Wewe mbele, Faida katikati na tumbo lake la miezi minane, mimi nyuma. Hata kwenye kukimbia kifo tulipangana kwa heshima. Jua lilikuwa kali. Faida alikuwa anashika tu kiuno, na mimi nilijua uchungu umeanza.

Chupa ya uzazi ilimpasukia karibu na mto, tukaingia kwenye matete. Wewe ukabaki upande wa pili, umetugeuzia mgongo, matete yakiwa katikati yetu. Mtoto alitoka mwepesi, msichana, akalia mara moja nikamziba mdomo kwa titi la mama yake. Hapo nilimshukuru Mungu. Kisha nikaona damu. Nikangoja ikatike, haikukatika. Faida akaanza kusema anasikia baridi, na jua lile! Midomo yake ikawa ya majivu.

Sikuwa nimewahi kukusemesha hata neno moja. Nikapiga kelele.

"Mukwe! Damu haiko naisha! Mutoto wangu anakufa!"

Ulianza neno, ukalimeza. Mpaka leo nafikiri ulikuwa unapigana na mdomo wako. Kisha nikasikia sauti yako ya darasani.

"Mama, sikia. Weka mukono pa tumbo yake, chini ya kitovu. Unasikia nini?"

"Iko laini."

"Ile ni kizazi. Inapashwa kuwa nguvu. Kanda. Kanda sana, usimuonee huruma. Mutoto asiache kunyonya."

Nikakanda. Faida alikuwa analia, "Mama, unaniumiza," mimi nakanda. Ulinieleza yote, mahali pa kukandamiza, kitu gani kinatoka na kwa nini, kwa maneno ambayo mukwe hayatamki mbele ya mama wa mke wake hata akipewa ng'ombe. Ulisema polepole, ukirudia mara mbili kama ulivyokuwa ukituandikisha. Matete ya upande wako yalikuwa yanacheza.

"Iko namna gani sasa?"

"Iko nguvu. Mukwe, iko nguvu! Damu inapunguka!"

Nikakusikia ukilia.

Faida hakuweza kutembea. Ukasema utafika kwa ndugu zako uwalete na machela. Ulivua shati lako, ukalipitisha kwenye matete nimfungie mtoto. Ukaomba kumwona. Nikamlaza mikononi mwa mama yake, nikavuta kitenge changu usoni, nikainama kabisa mpaka paji la uso likagusa magoti. Uliyafungua matete, ukaja. Nilisikia pumzi yako karibu. Ulimwambia mtoto maneno kwa Kirundi, lugha ya kwenu, na Faida akacheka, yeye aliyekuwa anakufa muda mfupi uliopita. Kisha sauti yako ikaja moja kwa moja juu ya kichwa changu, haikuwa tena sauti inayopita ubaoni.

"Aksanti, Mama. Mukae hapa. Niko nakuya."

Nilijua umegeuka. Nilijua unanitazama. Sikufunua uso.

Hukuja. Tulingoja mpaka jua lilipoelekea milimani, akapita mama mmoja wa shambani, akatuambia tusitoke. Barabarani waasi walikuwa wanawasimamisha wanaume na kuwaangalia viganja na miguu. Alisema wamemchukua kijana mmoja hana shati, viganja vyake laini, miguuni ana alama za viatu. Faida aliweka uso wake kwenye shati la mtoto. Mama yule ndiye aliyetutafutia watu wa kutuvusha mto.

Ndugu zako wa Nyakabere hatukuwapata tena. Watu walitawanyika. Kaburi lako sijui liko wapi, na nimeshauliza mpaka watu wamechoka kuniona. Faida naye alikufuata, homa ilimchukua wakati Riziki bado anafundishwa kutembea. Hakuwahi kunieleza sura yako. Angenielezaje? Mimi mwenyewe ningemnyamazisha.

Sasa hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Chuoni wamefika somo la kurithi, jinsi mtoto anavyochukua kwa baba na kwa mama. Mwalimu wao amewapa kazi, kila mmoja aseme hiki nimekitoa kwa nani, na kile kwa nani. Riziki akaja na kiti, akakaa mbele yangu.

"Koko, papa alikuwa na kashimo pa kidevu kama yangu? Akicheka, mashavu yake yalikuwa yanaingia? Macho yake?"

"Masikio yake nayajua," nikamwambia. "Kwa nyuma. Yalikuwa makubwa."

Alicheka, akidhani ninamtania. Nikamweleza. Nilimweleza ubao, benchi, matete, kitenge. Alisikiliza yote mpaka mwisho, halafu machozi yakaanza kumtoka, mtoto ambaye halii ovyo.

"Basi hakuna mutu hata mumoja hapa duniani anamujua papa wangu."

Wee mukwe wangu. Nimezika mume, nimezika Faida, lakini neno lile lilinikalisha chini. Sisemi nilikosea. Ningerudishwa kwenye matete yale leo, na mama yangu amenilea vile alivyonilea, ningejifunika tena. Heshima ile ilikuwa namna yetu ya kupendana, na wewe ulijua, ndiyo maana ulisema aksanti kwa kichwa kilichofunikwa. Lakini inaniuma. Inaniuma vibaya sana kwamba ulisimama mbele yangu na mtoto huyu hana hata nyusi ya kuambiwa.

Jana asubuhi nikamwita. Nikamkalisha mlangoni penye mwanga, nikamwambia anyamaze, koko wake naye amesoma biolojia. Nikaanza kutoa, kama mtu anavyotoa kwenye hesabu. Paji hili ni la marehemu mume wangu. Pua ni ya Faida, na nywele hizi ngumu ni za Faida. Mdomo ni wa kwangu, maskini mtoto. Vidole vya Faida. Nilitoa vya kwetu vyote, kimoja kimoja, nikivigusa. Kikabaki kidevu na kishimo chake, mashavu, na yale macho yaliyokaa mbali kidogo, ya mtu anayetaka kucheka na anajizuia.

Sisi hatuna macho kama yale. Hakuna mtu kwetu mwenye kidevu kile.

Nikashusha uso. Mkono ukakimbilia kitenge wenyewe.

"Koko, iko nini?"

Ulikuwa umekaa mlangoni mwangu, kwenye jua, unanitazama. Kisha nikainua macho yangu, mukwe wangu, nikakutazama. Nilikutazama mpaka Riziki akaona haya. Nikamwambia, andika: kidevu, baba, mashavu, baba, macho, baba. Andika kwamba Koko wako anamjua. Na hapo nikalia mbele ya mtoto, kwa sauti, kwa sababu nimeona ulikuwa kijana mdogo sana. Kwa nyuma sikuwa nimejua. Ulikuwa mtoto, na walikuua.

Kaa kwa amani, mwanangu, wewe na Faida. Msinihurumie, naja polepole.

Ni miye,
Mama mukwe wako